Vidole Vitano vya Mama

Wodi ya mifupa, 3 Februari

Kifaranga, mdogo wangu,

Niko hai. Wamenining'iniza mguu kwa kamba kama nguo iliyoanikwa, na daktari anasema paja la mtu wa umri wangu halina haraka: miezi minne, labda mitano. Nesi wa zamu ameniuliza nilianguka kutoka wapi. Nikamwambia ngazini, nikifunga makopo ya kufukuzia ndege. Akacheka mpaka akashika kitanda. "Na ndege wako wapi sasa, Mama?" Nikamwambia ndege wazima, niliyevunjika ni mimi.

Sasa sikiliza. Simu humu ndani haziruhusiwi, kwa hiyo tutaandikiana, na barua atazibeba dereva wa lori la maziwa. Bustani nimekuachia wewe. Miaka ishirini na sita nimetunza maua ya shule ya watu, nimestaafu nikabaki na hiki kipande cha Mama, na sijawahi kumwachia mtu hata siku mbili.

Mchicha ukiliwa sitalia, nyanya zikiliwa sitalia. Lakini maboga ya Mama, tafadhali. Mbegu za zamani zilianza kukataa kuota, kwa hiyo mwaka huu nimezitia zote ardhini. Nimebaki na kumi na mbili tu, ziko kwenye kopo la dawa chini ya mto wangu hapa. Tusipopata boga hata moja lililokomaa, mbegu ya Mama imekwisha, maana hakuna mwingine aliye nayo.

Wanaokula bustani unawajua. Ukisahau, shika mkono wako wa kushoto uhesabu kama Mama alivyotufundisha, kutoka mnene mpaka mwembamba: kidole gumba nungunungu, cha pili tumbili, cha kati konokono, cha nne vidukari wanaonyonya majani, cha mwisho sota, yule kiwavi anayekata mche shingoni. Wimbo huo wewe ulikuwa unauimba vizuri kuliko mimi.

Msalimie mwanao na mkewe. Najua mmebanana kwenye chumba kile kimoja, na sasa mtoto anakuja. Nikirudi tutakaa tuzungumze.

Dada yako

*

Nyumbani, 14 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Pole sana na mguu. Huku sote wazima, mkwe wangu tumbo limeshuka, siku yoyote tutaitwa bibi.

Sikutaka kukuandikia mabaya upesi hivi, lakini uliniambia nisikufiche. Nungunungu ameingia. Lile tuta la viazi vitamu karibu na bomba kalifukua lote, vingine kala, vingine kaviacha nusu nusu, na nyayo zake zimejaa kila mahali. Nimeokota mwiba, nakuwekea kwenye bahasha ujionee. Nifanye nini, Dada? Wewe ndiye fundi, mimi ni mkono wako tu.

Mdogo wako,
Kifaranga

*

Wodi ya mifupa, 22 Februari

Marahaba, Kifaranga wangu,

Mwiba umefika. Nesi kaung'ang'ania, anajikunia kichwa chini ya kofia.

Nungunungu hafukuzwi kwa kelele. Anasikia, anapuuza, kama marehemu mjomba alipoambiwa chakula kimekwisha. Dawa yake ni bati. Chukua yale mabati mabovu nyuma ya choo, yazike wima kando ya ua, nusu chini nusu juu. Yeye hupenda kupita chini, akigonga bati mara mbili tatu anachoka anakwenda kuwasumbua wengine. Viazi vilivyobaki vifunike kwa matawi ya miiba.

Kwenye barua yako hujataja maboga. Yametambaa mpaka wapi?

Hongera ya mjukuu, mapema.

Dada yako

*

Nyumbani, 8 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mjukuu amefika, wa kike, ana mapafu ya kuuzia samaki sokoni. Hatulali.

Mabati yalifanya kazi, nungunungu hajarudi. Maboga yalitambaa vizuri mpaka kwenye ukuta wa jirani yako, Fundi Cherehani. Nasema yalitambaa. Juzi wamekuja tumbili, kumi na zaidi, jike mmoja kabeba mtoto tumboni. Unajua wanavyokula: wanang'ata boga changa mara moja, wanaonja, wanatupa, wanachukua jingine. Maboga tisa chini, kila moja na alama moja ya meno. Nilikaa kwenye tuta nikalia kama mtoto. Yamebaki mawili, na sijui kama yatapona.

Nisamehe, Dada.

Kifaranga

*

Wodi ya mifupa, 17 Machi

Marahaba, mdogo wangu,

Usilie. Tumbili si kosa lako, tumbili ni tumbili. Unakumbuka Mama alivyowarushia kiatu, wakaondoka nacho? Alikaa wiki nzima na kiatu kimoja, akimtukana yule dume kila asubuhi kana kwamba ni shemeji yake.

Saga pilipili kali, changanya na mavi ya ng'ombe na maji, paka kwenye maboga yote mawili. Akishika, ananusa mkono, anakasirika. Halafu tengeneza mtu wa bustani. Mvishe gauni langu la kazi, lile la bluu lenye mifuko miwili, kila siku umhamishe mahali. Tumbili hawaogopi nguo, wanamwogopa mtu wanayemfahamu, na gauni lile wanalifahamu vizuri sana. Nesi kanipa pia chandarua kilichochanika, nimekishona kwa mkono nikiwa nimelala chali. Kifunike juu ya boga lililo zuri zaidi.

Na nimefanya jambo ambalo limeninyima usingizi. Ndani ya bahasha hii kuna mbegu zile kumi na mbili. Nilizitoa kwenye kopo, nikazirudisha, nikazitoa tena. Mwishowe nikasema, mbegu chini ya mto haimsaidii mtu. Zipande kando ya jiko, karibu na macho yako. Zote kumi na mbili ziko mikononi mwako, sina nyingine.

Mbusu mjukuu miguuni kwa niaba yangu.

Dada yako

*

Nyumbani, 2 Aprili

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mtu wa bustani amesimama, gauni limemkaa kama wewe kabisa, mpaka nikipita asubuhi nataka kumwamkia. Tumbili walikuja mara moja, wakamtazama, wakaenda zao. Chandarua nimekifunika.

Mbegu nimezipanda siku ileile. Saba zimeota.

Sasa ni konokono, Dada. Wamejaa chini ya majani, wakubwa, na asubuhi ukitazama unaona njia zao zinang'aa mpaka mlangoni. Miche miwili kati ya saba wameshaitafuna, imebaki mitano. Nawaokota kwenye ndoo, kesho wako palepale. Nifanyeje?

Mjukuu amecheka jana. Pengine ilikuwa tumbo, lakini mimi nasema amecheka.

Kifaranga

*

Wodi ya mifupa, 11 Aprili

Marahaba, Kifaranga,

Wameshusha mguu. Nimesimama kwa magongo mawili, nikatembea mpaka dirishani, nikalia nikijifanya ni jua.

Konokono: maganda ya mayai yaliyopondwa, duara nene kuzunguka kila mche, na majivu makavu juu yake. Mwagilia asubuhi, usimwagilie jioni, unamwandalia njia. Weka ubao bapa chini, watajificha chini yake mchana, utawakuta wamekusanyika kama wajumbe kwenye mkutano.

Nina ombi moja. Chuma jani moja la boga la Mama, lile lenye madoa meupe kama mtu kamwaga maziwa. Lilaze katikati ya karatasi, nitumie. Wagonjwa wenzangu hawaniamini kwamba kuna jani la namna hiyo. Na mimi nataka tu kulishika.

Dada yako

*

Nyumbani, 25 Aprili

Dada mpendwa,

Shikamoo. Hongera kwa kusimama! Tumeshangilia huku.

Konokono wamekwisha, maganda ya mayai ni dawa kweli. Jani nilikuwa nimelichuma nikalisahau mezani, mtoto akalilowesha. Nikarudi kuchuma jingine nikakuta majani yamejikunja, nikageuza, chini kumejaa vidukari, kijani na weusi, na sisimizi wanawachunga kama ng'ombe. Jani la namna hiyo siwezi kukutumia, litakuumiza roho. Nimenyunyiza maji ya sabuni. Lile boga la chini ya chandarua limeanza kunyauka.

Mimi nafikiri, Dada, usijipe matumaini makubwa. Ardhi ile imechoka.

Kifaranga

*

Wodi ya mifupa, 1 Mei

Kwa jirani yangu, Fundi Cherehani,

Habari za siku nyingi, shoga. Magauni ya watu yanaendelea?

Nakuandikia jambo ambalo naona haya kuliandika. Jana nilikuwa nimekaa kitandani na barua za mdogo wangu, nazisoma kwa mpangilio, kwa sababu humu ndani ukishamaliza kuhesabu vigae vya dari hakuna kingine. Barua ya kwanza nungunungu, ya pili tumbili, ya tatu konokono, ya nne vidukari. Nikajikuta nimeinua mkono wangu wa kushoto, vidole vinne vimekunjwa, kimesimama kile kidogo.

Shoga, mimi nimekaa na wadudu maisha yangu yote. Hawapangi foleni. Wanakuja watatu pamoja, halafu miezi miwili hakuna, halafu anakuja mmoja ambaye hujawahi kumwona. Hakuna bustani iliyowahi kuliwa kwa mpangilio wa vidole vya mama yangu.

Nikamwomba nesi ule mwiba. Una ncha iliyochomwa moto. Ni ule wa Mama; alikuwa anauchoma ncha usituchome kichwani, akitugawia nywele. Ulikuwa kwenye kikapu chake cha nyuzi.

Huenda mimi ni mzee mwenye wivu na dawa nyingi kichwani. Naomba unitoe aibu. Simama kwenye kiti chako cha kushonea, chungulia juu ya ukuta, uniambie maboga yamefika wapi. Akiniandikia tena kabla hujanijibu, atataja sota. Natamani nikosee.

Jirani yako

*

Dukani, 9 Mei

Jirani,

Pole na mguu, pole tena na haya nitakayokuandikia. Nimevunja sindano mbili leo kwa hasira.

Maboga gani, shoga? Sihitaji kiti. Pale kwenye bustani pana nyumba! Vyumba viwili, milango ya mbao, madirisha ya bluu. Walianza kuchimba msingi wiki ileile uliyobebwa kwenye machela. Waliopita na majembe kwanza walikuwa mwana wa mdogo wako na rafiki zake, maboga yakiwa yametambaa hivyo hivyo na maua yake ya njano, wakayakunja kama mkeka wakayatupa. Nilitoka nikapiga kelele, sindano mdomoni. Mdogo wako akaniambia wewe mwenyewe umeruhusu, kwamba ulimpa ukiwa kwenye machela, ukamwambia "chukua mdogo wangu, mimi sina nguvu tena." Nikasema kumbe. Nikausifu mpaka moyo wako mwema! Sasa najiona mjinga.

Yale mabati ya nyuma ya choo wameezekea jiko. Chandarua cheupe kilichoshonwa kwa uzi wa kijani kiko dirishani, mtoto analala chini yake. Na gauni lako la bluu, naomba usilie, fundi rangi alikuwa anafutia brashi.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nashona nguo miaka yote sikuwahi kulifikiria neno lenyewe mpaka leo.

Ukiruhusiwa kutoka, kitanda changu cha ndani kipo.

Fundi

*

Nyumbani, 10 Mei

Dada mpendwa,

Shikamoo. Sijui nianzeje. Asubuhi hii nimeamka nikakuta ile miche mitano imelala chini, yote, imekatwa shingoni kana kwamba mtu kapita na wembe. Nimefukua kidogo, nikamkuta amejiviringisha udongoni, mnene, wa kijivu. Sota. Na lile boga kubwa pia amelikata shina.

Imekwisha, Dada. Tumejitahidi wote wawili, Mungu ni shahidi, lakini yaliyoandikwa yameandikwa. Usijilaumu na usinilaumu. Bustani ni tupu sasa, inaniumiza kuitazama. Nilikuwa nafikiri, kwa kuwa hapo hapaoti tena kitu, pengine mwanangu angeweka hata chumba kimoja, mtoto apate pa kutambaa. Lakini hilo ni lako kuamua.

Pole sana.

Kifaranga

*

Wodi ya mifupa, 18 Mei

Mdogo wangu,

Shikamoo yako sijaipokea. Iko ndani ya bahasha, nitakurudishia pamoja na mwiba wa Mama.

Sota hukata mche wa siku kumi. Shina la boga la miezi minne ni nene kama kidole changu gumba; sota atalikata na nini, na shoka? Hilo unalijua. Ulilijua ukiwa na miaka sita. Ulikuwa umefika kwenye kidole cha mwisho, huna kingine cha kunidanganyia, ukakiandika hivyo hivyo.

Barua ya Fundi imefika pamoja na yako, dereva kanikabidhi zote mbili kwa mkono mmoja. Najua madirisha ni ya rangi gani.

Unajua kinachonichoma? Nyumba, ingeniuma halafu ingepoa. Ulikuwa na mwana, mkwe, na mtoto tumboni kwenye chumba kimoja, mimi nililiona hilo, nikakuandikia siku ya kwanza kabisa, "nikirudi tutakaa tuzungumze." Ningekupa upande wa bomba! Ningekupa nusu nzima, ningehamisha maboga mwenyewe kwa mkono. Hukuweza kungoja nishushwe mguu?

Kinachonichoma ni mimi. Mimi niliyelala chali, nimefungwa kamba, nakushonea chandarua, nafikiria namna ya kumzuia nungunungu. Nilikuwa nalinda bustani ambayo tayari ilikuwa msingi wa nyumba. Nilimweleza kila mgonjwa wa wodi hii habari za tumbili wako. Mzee wa kitanda cha tatu alikuwa ananiuliza kila asubuhi, "Vipi, wale wezi wamerudi?" Nimwambie nini sasa? Niliota gauni langu limesimama bustanini, na niliamka nimefurahi.

Ulinifanya mjinga kwa vidole vya Mama. Ungedanganya kwa maneno yako mwenyewe ningekuheshimu kidogo.

Nataka jibu moja tu. Mbegu kumi na mbili ziko wapi?

Dada yako, mpaka hapo

*

Nyumbani, 30 Mei

Dada,

Shikamoo, hata kama huipokei.

Sina pa kujificha. Yote aliyosema Fundi ni kweli. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi niliiona fupi tangu barua ya kwanza, nikaendelea kutembea.

Sikupanga. Ulipobebwa, mwanangu alisema mama mkubwa hawezi kurudi na mguu ule, watu wa umri ule wakivunjika paja hawarudi. Akasema heri tuanze kabla ndugu wengine hawajaipigia bustani mahesabu. Nilisema hapana siku mbili. Siku ya tatu nikachoka kusema hapana. Barua yako ya kwanza ilifika, imejaa maboga, nao walikuwa wameshamwaga zege. Ningekuandikia nini? Wewe umening'inia kwa kamba. Nikasema nitaiua bustani polepole, ili imuume Dada kidogo kidogo. Kila nilipokaa na kalamu nikakosa la kuandika, nilishika mkono wangu wa kushoto. Na kila ulipojibu, majibu yako yalikuwa mazuri hivi kwamba kuna siku nilitoka nje kutafuta maganda ya mayai. Nilifika mlangoni nikakumbuka.

Lakini na mimi nina langu, nalo nitalisema mara moja. Miaka mitatu Mama hajiwezi, aliyembeba kwenda chooni ni nani? Aliyemwagilia maboga yake ni nani? Wewe ulikuwa unapanda maua kwa watu, unakuja mwezi mara moja na sabuni. Akafa amesema bustani ni ya mkubwa, kwa sababu mkubwa ana mkono wa kuotesha. Mimi mkono wangu ulikuwa wa kumbebea beseni. Nilikaa na neno hilo miaka kumi na moja bila kukuambia, na hukuwahi kuniuliza. Siku wanang'oa, moyoni kuna mahali palifurahi. Naona haya, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mbegu. Sikuzipanda, ningezipanda wapi? Nilizifunga kwenye kitambaa nikaziweka juu ya kabati, nikisema nitampa mkononi akirudi, hata akinipiga. Juzi baada ya barua yako nilipanda kwenye kiti kuzichukua. Kitambaa kina tundu. Panya, Dada. Yamebaki maganda. Najua unavyosoma neno hilo, baada ya nungunungu na tumbili wangu wote. Ni panya kweli. Maganda haya hapa ndani.

Mdogo wako

*

Nyumbani, 21 Juni

Dada,

Shikamoo. Hukunijibu, na Fundi haniamkii. Ameniambia umeruhusiwa, uko kwa binti yako, na huna mpango wa kuja huku. Naandika hii ya mwisho, ukitaka uichome.

Udongo waliochimba kwenye msingi waliumwaga nyuma ya ukuta, kwenye kile kichochoro cha maji machafu. Hakuna mtu anayepita. Jana nimekwenda kumwaga maji ya mtoto nikaona kitu kimetambaa juu ya lile rundo. Sikukisogelea. Nilirudi ndani nikakaa, nikasema ni macho yangu. Leo asubuhi nimekwenda tena. Ni boga la Mama, yale madoa meupe yapo. Mmea mmoja tu, una maua matatu, na chini kuna boga dogo kama ngumi ya mjukuu.

Jani limo kwenye bahasha. Nimelilaza kwenye karatasi kama ulivyosema. Hili halikuloweshwa na mtu.

Utaona lina matundu. Kuna mdudu juu yake, mdogo, mviringo, wa rangi ya chungwa, anang'aa kama kifungo. Wako kama ishirini. Wanatoboa majani na sasa wameingia kwenye maua. Nikiwagusa wanaruka. Nimehesabu vidole mara mbili, Dada. Hayumo kwenye mkono wa Mama. Sijui jina lake na sijui dawa yake, na nikijaribu kitu kwa kubahatisha naogopa nitaliua.

Sikuombi unisamehe. Nakuuliza tu, nifanye nini?

Mdogo wako

*

28 Juni

Mdudu huyo namjua, alinisumbua shuleni miaka miwili.

Amka alfajiri, kabla ya jua, wakati umande umewafanya wazito hawawezi kuruka. Shika bakuli la maji ya sabuni chini ya jani, tikisa jani kwa kidole, wataangukia ndani. Fanya hivyo kila siku kwa siku kumi na nne, usiruke hata moja. Halafu pepeta majivu makavu juu ya majani, asubuhi tu. Maua usiyaguse. Boga likiwa kubwa kama bakuli, weka kigae chini yake lisioze.

Mwanao asifike kwenye kichochoro hicho.

Usilichume. Kikonyo kikikauka na kuwa kigumu kama mti, mwite Fundi Cherehani, alikate yeye, alibebe zima zima, ampe dereva wa lori. Usilifungue na usitoe mbegu hata moja.

Jani nimelipokea. Barua nyingine usiniandikie.

Mtunza bustani